Nyigu Hawa Wamekulia Yai Gani?

Nyigu mmoja alikuwa akizunguka ukingoni mwa kadi, urefu wake nusu milimita tu, na mabawa yake yamejikunja mgongoni hayafunguki.

Nilikuwa barazani kwa shangazi yangu, ng'ambo ya daraja la Sabaki, lenzi ya sonara jichoni. Jua lilikuwa bado halijawa kali. Wenzake walikuwa wakichomoka kwenye mayai mmoja baada ya mwingine na kurukia mwangaza wa uani. Huyu alifika ukingoni, akasita, akageuka, akazunguka tena. Nikasogeza lenzi nikamwona wa pili wa namna hiyo, kisha wengine.

Shangazi aliinama kutazama. Bila lenzi huoni ila karatasi yenye vumbi jeusi.

“Hao ndio askari wako?”

“Ndio hao, shangazi.”

“Mbona hawaendi kazini?”

Yeye alikuwa anatania. Mimi swali hilo limenikaa kichwani wiki nzima nzima. Nimelala nalo, nimepanda nalo tuktuk kwenda mjini, na sasa naliandika nilitue.

## Kadi mbili, boksi moja

Viwavijeshi sina haja ya kuwaeleza. Aliyelima mahindi Malindi au Magarini tangu mwaka 2017 amewaona wakila moyo wa mmea, amenunua dawa, kisha amenunua dawa nyingine. Ndiyo maana nilimshawishi shangazi tujaribu nyigu, wanaouzwa wakiwa bado ndani ya mayai ya nondo yaliyobandikwa kwenye kadi, kwenye kipande chake cha mahindi ya PH4, na kwenye nyanya zilizo chini kuelekea mtoni.

Nyigu wenyewe si wale wa kuuma. Wanaitwa trikograma. Jike hutafuta yai la nondo, hulitoboa na kutaga yai lake ndani. Buu lake hula kilichomo, na pale ambapo angetoka kiwavi hutoka nyigu. Uzuri wao ni kwamba kiwavi hazaliwi kabisa. Wapo nyigu wengine wa kazi kama hii ambao pwani yetu inawafahamu zaidi: Cotesia flavipes, walioletwa kutoka Pakistani na kuachiliwa huku mwaka 1993 kupambana na funza wa mabua. Hao humshambulia kiwavi akiwa tayari ndani ya bua, anakula. Nyigu wa mayai hawasubiri afike huko.

Basi, mbona hawa wangu walikuwa hawaruki?

Nililolishuku kwanza ni joto. Boksi lilitoka Nairobi kwa basi la usiku, ndani ya buti, likapita Voi na Mariakani, na barafu iliyokuwemo ilikuwa maji matupu lilipofika stendi ya Malindi. Joto kali humharibu nyigu angali ndani ya yai, hilo halina ubishi. Jirani yetu akaleta dhana yake: dawa. Alikuwa amenyunyizia mahindi yake, na kusi ilikuwa ikivuma kutoka upande wake kuja kwetu. Ingewezekana kwa nyigu walio shambani, lakini hawa nilikuwa nawatazama barazani, kadi haijafika hata kwenye mhindi wa kwanza.

Kilichonivuruga ni kadi ya pili.

Ilisafiri katika boksi hilohilo, ikalalia barafu ileile, ikalowa maji yaleyale. Nyigu wake karibu wote walitoka mabawa yamenyooka, wakaruka. Nilizigeuza kadi zote mbili nikitafuta tofauti, nikaona tarakimu ndogo zilizopigwa muhuri nyuma. Hazikutengenezwa siku moja. Hapo ndipo nilipoacha kufikiria safari ya basi nikaanza kufikiria kiwanda: hawa nyigu, kabla hawajawa nyigu, walikula nini?

## Mama hupima kwanza

Nilitaka kumwona jike akifanya kazi. Nikachuma jani la mnyanya lenye yai la nondo, nikalitia kwenye chupa ya jemu pamoja na nyigu wachache wa ile kadi nzuri. Yai la nondo huyu wa nyanya, yule ambaye kiwavi wake hutoboa tunda, ni kitu cha kupendeza ukilitazama kwa lenzi. Rangi yake ni ya maziwa mabichi, na lina mifuo inayoshuka kutoka kileleni hadi chini.

Jike mmoja alilipanda. Akaanza kutembea juu yake huku akiligonga kwa vipapasio, ameshuka upande huu, amepanda upande ule. Akasimama. Akarudi hatua mbili tatu, akatoboa. Kisha akatulia palepale muda mrefu hata nikadhani amenifia. Kumbe anataga.

Matembezi yale yana hesabu yake. Miaka ya 1980 huko Kanada, watafiti wawili, Schmidt na Smith, walionyesha kwamba jike wa trikograma hukadiria ukubwa wa yai kwa muda anaotumia kulivuka mara ya kwanza, kama fundi apimavyo kiwanja kwa hatua. Muda ukiwa mfupi, anaweka yai moja. Ukiwa mrefu, anaongeza. Walipomkatiza safari hiyo kwa makusudi, alitaga machache kuliko ambayo yai lile lingeweza kulisha.

Fikiria ubongo wa kiumbe huyo ulivyo mdogo, na bado anajua kuhesabu muda.

Anajua pia kama kuna aliyemtangulia. Miaka ya 1930 kule Cambridge, George Salt aligundua kwamba jike akikanyaga yai huacha harufu, na anayekuja nyuma yake huinusa akaliacha. Salt alipoyaosha mayai hayo, yalikubalika tena. Nilipoisoma habari hiyo nilimsimulia shangazi, naye akasema, “Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.” Nikambishia kidogo. Nyigu huyu halei mtu. Akishataga ameondoka, hawajui wanawe na wanawe hawamjui. Malezi yote yamo katika kuchagua yai.

“Basi anaposa nyumba,” akasema.

Nikanyamaza. Shangazi hushinda mabishano kwa namna hiyo.

## Mlo mmoja tu

Buu la trikograma halina mlo wa pili. Kiwavi akila jani likamalizika atahamia jani jingine, lakini buu hili limefungwa ndani ya ganda, na kilichomo ndani ya ganda ndicho chakula chake chote tangu kuanza hadi mwisho. Hula ute wa yai haraka sana. Siku tatu nne baadaye ganda huanza kuwa jeusi kwa ndani, na kwa joto la pwani, karibu wiki moja baada ya kutagwa, mtu mzima hutoboa tundu la duara akatoka. Alivyotoka ndivyo atakavyokuwa. Nyigu mzima haongezeki kimo.

Kwa hiyo yai kubwa lenye lishe hutoa nyigu mkubwa, na nyigu mkubwa huwa na mayai mengi tumboni, huishi zaidi, na hutembea mbali zaidi akitafuta. Yai dogo au lililochakaa hutoa nyigu mdogo, naye huchoka mapema. Watu wa fani hii wanalijua jambo hili tangu zamani. Mimi nililijua kwa kulisoma tu, mpaka nilipowaona wale wanaozunguka ukingoni.

Salt huyohuyo ana kisa kingine kilichonikosesha usingizi. Alikuwa na nyigu wa aina moja, Trichogramma semblidis. Madume waliokulia ndani ya mayai ya nondo walitoka na mabawa. Madume wa aina ileile waliokulia katika mayai ya mdudu wa kandokando ya maji anayeitwa Sialis walitoka hawana mabawa kabisa, na hata vipapasio vyao vilikuwa vya umbo jingine. Mtu asiyejua angewaandika kuwa aina mbili za wadudu. Kilichowatenganisha ni yai walilokulia.

Wangu si hao, nieleweke. Wangu mabawa walikuwa nayo, ila hayakukunjuka. Na nilipotafuta sababu zinazojulikana za mabawa ya namna hiyo, niliyokutana nayo mara kwa mara ni msongamano: mayai mawili matatu ya nyigu ndani ya yai moja la nondo linalotosha mmoja. Buu likishiba nusu, anayetoka ni nyigu nusu.

Lakini si nimesema jike hunusa akaliacha yai lililokwisha kukaliwa? Huliacha akiwa na pa kwenda. Mfungie katika kasha lenye nyigu wengi na mayai machache, tumbo limejaa, saa zinakwenda, naye maisha yake yote ni siku chache tu. Atashusha viwango. Atataga palipo na mwenzake.

## Unga wa ngano kwa nondo

Kiwandani hawatumii mayai ya kiwavijeshi, au hutumia kwa nadra. Kiwavijeshi ni ghali kumfuga, na viwavi wake hulana. Wanachofuga ni nondo wa ghalani: nondo wa unga, nondo wa mchele, au yule nondo mdogo wa nafaka tunayemwona akiruka ukifungua gunia la mahindi la mwaka jana. Huyo wa mwisho ndiye aliyetumiwa na Stanley Flanders kule California mwishoni mwa miaka ya 1920 alipoanza kuzalisha trikograma kwa wingi, na njia yake haijabadilika sana hadi leo. Viwavi vya nondo wanakula nafaka au unga, nondo wanataga maelfu ya mayai, mayai yanapepetwa, yanabandikwa kwenye karatasi, nyigu wanaachiwa.

Nilimweleza shangazi hayo tukiwa jikoni. Akaacha mwiko.

“Wanawapa nondo unga wa ngano?”

“Wa ngano, na pumba.”

“Na sisi tuununue dukani kwa bei hii.”

Sina jibu la kumridhisha. Kiasi cha unga kinachotumika ni kidogo ukilinganisha na mahindi yanayookolewa, lakini hesabu hiyo haina maana kwa mtu anayeshika pakiti dukani.

Kabla nyigu hawajaachiwa, mayai hayo huuawa kwa mwanga wa urujuanimno. Sababu yake ni ya wazi: yasipouawa, yale yaliyokoswa na nyigu yataangua viwavi, na viwavi watayala mayai mengine yaliyo kwenye kadi. Yai lililouawa hivyo bado ni chakula kizuri, kwa muda. Halikui kuwa kiwavi, linabaki ute. Ila si la kukaa milele. Linapoteza maji, linanywea, ute wake unaharibika. Kuliweka kwenye baridi kunachelewesha hayo bila kuyazuia. Kadi iliyotengenezwa kwa mayai ya jana na kadi iliyotengenezwa kwa mayai yaliyolala kwenye jokofu majuma kadhaa zinafanana machoni. Hata ukitumia lenzi zinafanana, mpaka nyigu watoke.

Wachina wana njia yao. Kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo hutumia mayai ya nondo mkubwa wa hariri anayekula majani ya mwaloni, yai kubwa kiasi kwamba moja hulisha nyigu makumi kadhaa. Kwa hesabu ya kiwanda ni neema. Hata hivyo swali la msongamano lipo palepale: wakizidi humo ndani, kila mmoja anatoka mdogo.

Na kuna jambo ambalo halionekani kwenye kadi hata moja. Nyigu wakizaliana kiwandani kizazi baada ya kizazi, katika mayai yaleyale, joto lilelile, pasipo upepo, safari yao ndefu kuliko zote ikiwa sentimita chache, wanaobaki ni wale wanaofaa kiwandani. Wazalishaji makini huingiza damu mpya kutoka mashambani. Pia hupima kama nyigu wao wanaruka: humtia mdudu chini ya silinda nyeusi, gundi imepakwa kuzunguka ukuta na kioo chenye gundi kiko juu kwenye mwanga. Anayeruka hunaswa juu. Anayetembea tu hunaswa ukutani. Asiyeweza lolote hubaki chini.

Wangu wangebaki chini.

## Wa kike na wa kiume

Mabawa yaliyokunjamana yanaonekana. Hasara nyingine haionekani upesi, nayo kwangu ndiyo kubwa zaidi.

Kwa nyigu, yai lililorutubishwa huwa jike, na lisilorutubishwa huwa dume. Mama huhifadhi mbegu za dume mwilini, na wakati yai linashuka ana uwezo wa kuliachia mbegu au kulinyima. Yaani huamua mwenyewe. Na huamua kulingana na alichokipima. Yai la nondo likiwa bichi na kubwa, huelekea kuweka binti. Likiwa dogo, limezeeka au limekwisha kutagwa na mwingine, huelekea kuweka mvulana. Dume mdogo bado anaweza kupanda majike. Jike mdogo ana hasara, maana mayai tumboni ni machache.

Mwaka 1967 William Hamilton wa Uingereza aliongeza upande mwingine wa hesabu hii. Mama akiwa peke yake mahali, wanawe wa kiume watapanda dada zao, kwa hiyo wachache wanatosha na nguvu nyingine zote anazielekeza kwa mabinti. Mama wakijaa mahali pamoja, inalipa kuongeza wavulana wa kugombania mabinti wa wenzao. Sasa rudi kwenye kasha lililosongamana. Msongamano huohuo unaozaa vilema unazaa pia madume.

Dume hatagi. Dume hatoboi yai la kiwavijeshi hata moja.

Pakiti niliyonunua imeandikwa idadi. Haisemi majike wangapi. Naiona hii kuwa kasoro ya biashara nzima, si ya muuzaji mmoja: tunauziwa vichwa, wakati kazi inafanywa na matumbo ya majike. Kadi ya bei nafuu yenye nyigu wengi waliotoka katika mayai hafifu inaweza kuwa ghali kuliko kadi yenye wachache walioshiba. Shangazi hununua vifaranga akivigeuza kimoja kimoja, anatazama macho, miguu, kitovu. Mimi nilinunua nyigu kwa kusoma namba.

## Yai la kwenye jani

Tulizitundika zile kadi mbili hata hivyo, jioni, chini ya majani, upande uliokingwa na kusi. Upepo wa Malindi na mdudu wa nusu milimita hawana urafiki.

Halafu nikawa napita kukagua mayai. Kwenye nyanya, nondo hutaga yai mojamoja, hapa moja, pale moja, mengi karibu na majani machanga ya juu. Nilikusanya yaliyokuwa meusi nikayatia chupani. Nyigu waliotoka walikuwa wakubwa kuliko wale wa kwenye kadi, hata mimi nisiye na kipimo niliona. Mabawa yamenyooka, yana ukingo wa nywele zilizopangika. Lenzi ilinionyesha nywele. Hawa ni wajukuu wa kiwanda waliopata mlo wa shambani, katika yai lililo kubwa kuliko la nondo wa unga.

Nilifurahi kwa siku moja hivi, mpaka nilipofika kwenye mahindi.

Kiwavijeshi hatagi mojamoja. Nondo wake hutaga rundo, mayai mia moja hadi mia mbili kwa kawaida, mara nyingi yamepandana tabaka, kisha hulifunika kwa manyoya ya kijivu kutoka tumboni mwake mwenyewe. Rundo la kwanza nililolipata lilikuwa na weusi pembezoni, mahali manyoya yalipopungua. Katikati, palipofunikwa vizuri, mayai yaliangua. Viwavi walitoka wakatawanyika kwa nyuzi zao siku hiyohiyo. Ute wa mayai yale ya katikati ulikuwa mzuri bila shaka. Tatizo ni kwamba nyigu wangu hakuufikia. Yai bora lililo chini ya blanketi halimsaidii asiyeweza kupita kwenye blanketi.

Yuko nyigu mwingine anayeweza zaidi, Telenomus remus, aliyejulikana kwanza kutoka Malesia, akatumiwa kwenye mahindi ya Venezuela, na mwaka 2019 ikatangazwa kwamba tayari yupo Afrika, Kenya ikiwemo. Huyo hujipenyeza ndani ya rundo hadi tabaka za chini. Mbona basi kadi zake si za kawaida madukani? Jibu ni yai tena. Yai la bei nafuu la nondo wa unga halimfai sana, kwa hiyo mara nyingi humbidi mfugaji amfuge kiwavijeshi mwenyewe ili apate mayai yake, pamoja na gharama zake zote. Tunapata nyigu anayekubali yai rahisi, na tunamkosa anayelifaa shamba.

Jambo jingine ni umri. Kwa joto letu yai la kiwavijeshi huangua siku ya pili au ya tatu. Siku ya kwanza ndani ni ute. Baada ya hapo mwili wa kiwavi unajijenga, kichwa kinakuwa kigumu, na buu la nyigu haliwezi kula kichwa kigumu. Jike akilikuta yai limefika hapo huligonga kwa vipapasio akaliacha, au akalitoboa bure, au akaweka dume. Nafasi yake ni siku moja hivi, si zaidi. Kutundika kadi baada ya kuona mashimo kwenye majani ni kuchelewa, maana mashimo hayo yametobolewa na wale waliokwisha kuangua. Kadi inapaswa kuwa shambani nondo wanapoanza kutaga.

Na hapa nimtahadharishe atakayejaribu. Yai la kiwavijeshi huingia giza lenyewe muda mfupi kabla ya kuangua, kwa sababu kichwa cheusi cha kiwavi kinaonekana kupitia ganda. Ukiwa na haraka utasema nyigu wamefanya kazi. Tazama vizuri. La nyigu ni jeusi lote na linang'aa. La kiwavi lina kivuli upande mmoja, na pembeni bado ni hudhurungi. Ukikuta maganda matupu, la nyigu lina tundu la duara lililokatwa safi. La kiwavi limechanika ovyo, au limeliwa nusu na mwenyewe.

Shangazi alijifunza kutofautisha kabla yangu. Nilimkabidhi lenzi, akaikataa. Alikuwa akiinamisha jani kwenye jua na kusema, “Hili lako,” au, “Hili lao.”

## Magugu ya mpakani

Mzozo wetu sasa ni magugu. Shangazi ni mtu wa shamba safi, mpaka hadi mpaka, na mnavu au mchicha mwitu ukichomoza hauoni wiki ya pili. Mimi nataka aniachie ukanda.

Hoja yangu ni hii. Nyigu aliyetoka kwenye yai zuri la nyanya ana siku chache za kutafuta yai jingine bichi. Mahindi yakishakomaa na nyanya zikishang'olewa, hatalipata, na kizazi chote cha wale walioshiba kinakwisha hapohapo, tunarudi kununua kadi. Kwenye magugu na kunde za mpakani huwapo nondo wengine wasio na madhara makubwa kwetu, nao wanataga mwaka mzima. Hayo mayai ndiyo yangewavusha hadi vuli.

Yeye ana hoja yake, nayo si ya kupuuzwa: magugu hayo hayachagui, yatafuga pia nondo asiyetakiwa, na panya, na nyoka. “Utakuja kulala wewe huku ukiumwa?” Kiwavijeshi hupendelea jamii ya nyasi, kwa hiyo nimependekeza tung'oe nyasi zote ukandani tubakishe mimea ya majani mapana. Amekubali upande wa mto tu, na kwa sharti kwamba nikisafiri nirudi kwa wakati wa palizi.

Wakati huohuo nilimpigia muuzaji. Sikumpigia kulalamika, nilitaka kujua. Nilimuuliza mayai yao ni ya nondo gani, akajibu mara moja: wa unga. Nikauliza yalikaa kwenye baridi muda gani kabla ya kupewa nyigu, akasema inategemea oda. Kuhusu majike, akanyamaza kidogo, kisha akasema hupima mara moja moja, si kila shehena. Nikamsomea tarakimu za nyuma ya kadi mbaya. Nikasikia akifungua daftari.

“Hiyo ilikuwa wiki tuliyokuwa na mayai machache, ndugu yangu. Tulizidisha nyigu.”

Alisema bila kuficha, na hilo nimeliheshimu. Kadi za vuli nimeziagiza kwake yeye yule. Tumekubaliana kila kadi ije na tarehe mbili, ya mayai kutagwa na ya nyigu kuachiwa, na kwamba atanitumia picha ya nyigu mia wa shehena hiyo nihesabu mwenyewe vipapasio, maana vya dume vina nywele ndefu na vya jike ni kama virungu vifupi. Ameongeza bei kidogo kwa usumbufu huo. Nimelipa. Shangazi ameuliza kama bei hiyo inajumuisha na unga.